UZI: Fleti ya kupangisha Dubai kwa mnunuzi aliyeko Afrika Mashariki – hesabu, hatua na mitego

Bahari_Tulivu · #1

Habari zenu wakuu.

Maswali ya kununua fleti Dubai kwa ajili ya kupangisha yamekuwa mengi, na majibu mengi yanatoka kwa watu wanaolipwa kamisheni pale wewe unaposaini. Tuweke uzi mmoja wenye hesabu nzima. Naanza na fleti iliyokwisha jengwa. Za kwenye ramani, yaani zinazouzwa kabla hazijajengwa, zina sheria zake, wajuzi watazigusa chini.

Kwanza, mgeni hanunui popote. Kwa Sheria Na. 7 ya 2006 na kanuni Na. 3 ya mwaka huohuo, mgeni anapata milki kamili kwenye maeneo yaliyotengwa tu: Dubai Marina, Downtown, Business Bay, Jumeirah Village Circle (JVC), Palm Jumeirah, International City na mengine ya aina hiyo. Deira, ambako wafanyabiashara wetu wamezoea kufikia, kwa sehemu kubwa haimo. Mtu akikuonyesha fleti, omba nambari ya hati miliki uihakiki kwenye programu ya Dubai REST, ambayo ni ya Idara ya Ardhi ya Dubai yenyewe. Fanya hivyo kabla hujazungumza bei.

Sasa hesabu. Chukua fleti ya chumba kimoja na sebule, JVC, futi za mraba 700, bei dirhamu 800,000. Bei na pango nimeviweka kwa mfano, ila ada za serikali ni zenyewe.

Ada ya Idara ya Ardhi, asilimia 4: 32,000
Gharama za hati: 580
Ofisi ya mdhamini wa usajili (iliyopewa kibali na Idara ya Ardhi kusajili mauzo), pamoja na VAT: 4,200
Dalali, asilimia 2 pamoja na VAT ya asilimia 5: 16,800
Barua ya mjenzi ya kutokuwa na pingamizi: tuseme 1,000 (huanzia 500 hadi 5,000)

Jumla ya juu ya bei: 54,580. Kwa hiyo fleti imekugharimu 854,580, si 800,000. Kwa dola ni kama 232,700, kwa sababu dirhamu imefungwa kwa dola kwa 3.6725 tangu 1997.

Pango la mwaka tuseme 65,000. Brosha itachukua 65,000 igawe kwa 800,000, ikwambie asilimia 8.1. Sasa toa:

Ada ya huduma ya jengo, dirhamu 15 kwa futi ya mraba: 10,500
Kampuni ya usimamizi, asilimia 5 na VAT yake: 3,412
Matengenezo: 3,000
Nyumba kukaa tupu mwezi mmoja kila miaka miwili: 2,708

Kinachobaki ni 45,380. Gawa kwa 854,580, unapata asilimia 5.3. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na dhamana za serikali za nyumbani au nyumba ya kupangisha Kimara au Ruiru. Si mbaya kwa pato linalofuata dola, lakini anayenunua akisubiri 8 atakwama mwaka wa kwanza tu, hasa kama ameazima.

---

Mama_Nasra · #2

Ahsante sana kaka. Hiyo 15 ya ada ya huduma inatoka wapi? Na mwenye nyumba anaweza kuikataa ikipanda?

---

Bahari_Tulivu · #3

Dada yangu, hapo ndipo wengi wanapoumia. Ada ya huduma inahesabiwa kwa futi ya mraba na kila jengo lina yake. Jengo la kawaida lisilo na makuu laweza kuwa 12, la pwani lenye mabwawa mawili na walinzi wa suti laweza kupita 20. Bajeti ya jengo hupitishwa na RERA, mkono wa udhibiti wa Idara ya Ardhi, na malipo hupita kwenye mfumo uitwao Mollak. Kiwango kilichoidhinishwa kinaonekana hadharani, kwa jengo na kwa mwaka. Usimuulize dalali, kiangalie mwenyewe, na uangalie miaka mitatu iliyopita uone kinaelekea wapi.

Kukataa huwezi. Chini ya Sheria Na. 6 ya 2019 deni la ada ya huduma linaifuata fleti. Usipolipa utapewa notisi ya siku 30, kisha shauri linaenda kwa hakimu wa utekelezaji na fleti inaweza kupigwa mnada. Pia hutapata barua ya kutokuwa na pingamizi siku ukitaka kuuza.

Na angalia ubaridi. Kuna majengo ambayo kiyoyozi kimo ndani ya ada ya huduma. Kuna mengine yanayonunua maji ya ubaridi kutoka kampuni ya nje kama Empower, na humo kuna ada mbili: ya matumizi, anayolipa mpangaji, na ya uwezo uliotengewa fleti, ambayo inadaiwa hata nyumba ikiwa tupu. Uliza ya pili analipa nani. Kama ni mwenye nyumba, iongeze kwenye hesabu ya juu, na ile 5.3 itashuka tena.

---

MpimaRamani · #4

Nyongeza ndogo kwa mleta uzi. Ile asilimia 4 kisheria hugawanywa nusu kwa nusu, muuzaji 2 na mnunuzi 2, isipokuwa mkiandikiana vinginevyo. Sokoni wanaandikiana vinginevyo karibu kila mara, ndiyo maana mnunuzi anaibeba yote. Soko likilala ni hoja ya kujadiliana, iko kwenye sheria.

Kingine ni ukubwa. Futi 700 za tangazo mara nyingi zina baraza ndani yake. Fleti yenye baraza la futi 120 ina futi 580 za kuishi. Mpangaji analipia anachokalia, kwa hiyo linganisha pango la futi za ndani.

Tangazo lolote halali lina kibali cha Idara ya Ardhi chenye msimbo wa QR. Uskani kwa simu. Ukifungua ukakuta bei au nambari ya nyumba tofauti na alichokutumia dalali, hiyo ni chambo tu ya kukuvuta, achana nayo. Na dalali mwenyewe ana kadi yenye nambari ya usajili, nayo inahakikiwa palepale kwenye Dubai REST.

---

Kaskazi · #5

Wakuu, hatua za manunuzi zenyewe zikoje kwa mtu asiyekaa kule? Maana kila dalali anasema lake.

---

MpimaRamani · #6

Zinakwenda hivi.

Mkikubaliana bei mnasaini Fomu F, mkataba wa mauziano uliotolewa na Idara ya Ardhi. (Fomu A ni ya muuzaji na dalali wake, Fomu B ni yako na dalali wako.) Pamoja na Fomu F unatoa hundi ya asilimia 10 kama dhamana. Hundi hiyo iandikwe jina la muuzaji na ibaki kwa dalali bila kupelekwa benki. Dalali akitaka iandikwe jina lake yeye binafsi, ondoka.

Kisha muuzaji anaomba barua ya kutokuwa na pingamizi kwa mjenzi. Mjenzi anakagua kama ada ya huduma imelipwa. Barua ina siku zake, ikipita muda inaombwa upya kwa pesa nyingine, kwa hiyo usiiombe kabla fedha yako haijafika Dubai.

Siku ya kuhamisha mnakutana ofisi ya mdhamini wa usajili. Mezani panatakiwa pasipoti halisi, barua ya mjenzi, na hundi za benki, zile ambazo benki yenyewe imethibitisha: moja kwa muuzaji, moja kwa Idara ya Ardhi, moja ya ofisi ile, moja ya dalali. Karani anasoma jina kwenye hundi herufi kwa herufi akilinganisha na hati miliki. Hati ikisema "Mohammed" na hundi ikisema "Mohamed", shughuli imeahirishwa. Watu wetu tuna majina matatu au manne, na pasipoti zetu hazifuati mpangilio mmoja, kwa hiyo nakili jina kutoka hati, usiandike kwa kichwa. Mambo yakienda sawa hati mpya inatoka siku ileile kwa barua pepe.

Kama muuzaji ana mkopo wa benki, kuna hatua moja katikati, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Pesa yako inakwenda kulipa mkopo wake kabla nyumba haijawa yako. Usilipe hata dirhamu moja kabla ofisi ya mdhamini haijaifunga nyumba ile kwenye mfumo kwa jina lako, ili asiweze kumuuzia mwingine wala mdai wake mwingine asiishike. Dalali atakwambia ni kupoteza siku mbili. Acha zipotee.

---

Wakili_wa_Pwani · #7

Kwa asiyeweza kusafiri kuna hati ya uwakilishi, na hapa nawasihi ndugu zangu msome taratibu.

Mlolongo wake: hati inaandaliwa kwa lugha mbili, Kiarabu na Kiingereza, unaisaini mbele ya wakili mthibitishaji, inapigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, Nairobi au Dar es Salaam, ikifika kule inapigwa muhuri wa Wizara yao ya Mambo ya Nje. Kukosekana muhuri mmoja kunarudisha kila kitu nyuma. Kama Kiarabu hakimo, inatafsiriwa Dubai na mfasiri mwenye leseni.

Yaliyomo ndani ni muhimu kuliko mihuri. Hati za kunakili zinazozunguka zina maneno "kununua, kuuza, kupangisha, kupokea fedha, kufungua akaunti" yote kwa pamoja. Ukimpa mtu hati hiyo umempa nyumba. Andika jengo gani, nambari ya fleti, bei isiyozidi kiasi gani, na kazi moja: kununua na kupokea hati miliki kwa jina lako. Neno "kuuza" lisiwemo. "Kupokea fedha" lisiwemo. Kupangisha kuwe na hati yake nyingine, au mkataba wa usimamizi na kampuni yenye leseni. Weka tarehe ya mwisho. Ukibadilisha mawazo, kuifuta kunafanyika kwa mthibitishaji pia, ujumbe wa WhatsApp haufuti hati.

---

Juma_Fomula · #8

Naheshimu maelezo, lakini mbona hamtaji za kwenye ramani? Asilimia 10 ya kuanzia halafu asilimia 1 kwa mwezi, mtu wa mshahara mzuri anaweza. Hizi za kulipa 800,000 kwa mkupuo ni za wachache. Na benki za kule kwa mgeni asiye mkazi hazikopeshi zaidi ya nusu ya bei au juu yake kidogo.

---

Chuma_cha_Pua · #9

Mkuu Juma, hoja yako ni ya kweli, na kuna waliofanya vizuri kwa njia hiyo. Ila tuifungue hesabu.

Asilimia 1 ya 800,000 ni dirhamu 8,000 kila mwezi, kama dola 2,180. Ile asilimia 4 ya Idara ya Ardhi inalipwa mwanzoni, si mwishoni: 32,000 papo hapo pamoja na asilimia 10. Mwezi wa kwanza umetoa 112,000. Kisha soma mstari wa mwisho wa ratiba. Mpango wa "60 kwa 40" maana yake siku ya kukabidhiwa funguo unadaiwa 320,000 kwa pamoja. Mpangaji hajaingia bado, na benki haiwajibiki kukukopesha kwa sababu tu jengo limekamilika.

Ukishindwa katikati, sheria iko wazi. Ni Sheria Na. 13 ya 2008 na marekebisho yake. Idara ya Ardhi inakupa notisi ya siku 30. Ukishindwa bado, mjenzi anaweza kuvunja mkataba na kubaki na hadi asilimia 25 ya bei ya nyumba kama ujenzi haujafika asilimia 60, na hadi asilimia 40 ukishafika hapo. Zingatia: ya bei ya nyumba, si ya ulicholipa. Umelipa 240,000, jengo liko asilimia 45: mjenzi anaweza kubaki na 200,000, wewe urudishiwe 40,000. Jengo likiwa asilimia 65, asilimia 40 ya bei ni 320,000, kwa hiyo 240,000 yako yote imekwenda.

Mambo ya kukagua kabla ya kusaini:

Mradi uwe na nambari Idara ya Ardhi na akaunti ya amana iliyosajiliwa chini ya Sheria Na. 8 ya 2007. Fedha yote unaipeleka kwenye akaunti hiyo, yenye jina la mradi. Haipelekwi akaunti ya kawaida ya kampuni, wala kwa dalali, wala kwa wakala aliyekuja kwenye maonyesho hotelini. Ile "pesa ya kushikilia nafasi" inayoombwa siku ya maonyesho nayo iende hukohuko.

Mkataba wako uingie Oqood, daftari la muda la nyumba ambazo hazijakamilika. (Waliosoma madrasa watatambua neno: ni wingi wa akdi.) Usipokuwemo Oqood una risiti tu.

Asilimia ya ujenzi iangalie Dubai REST, wakaguzi wanaiweka humo. Picha za mjenzi zinapigwa upande uliokwisha.

Kifungu cha kuchelewa: mikataba mingi inampa mjenzi hadi miezi 12 baada ya tarehe iliyotajwa kabla hujapata haki ya kudai kitu. Kwa hiyo "Desemba" ya brosha isome Desemba ya mwaka unaofuata, na mipango ya pango iwekwe humo.

Kifungu cha kuuza kabla ya kukamilika: mara nyingi hupewi barua mpaka uwe umelipa asilimia 30 au 40. Wale wanaosema utauza baada ya miezi sita kwa faida hawakuonyeshi ukurasa huo.

---

Juma_Fomula · #10

Nimekuelewa mkuu. Ila bei zinapanda, hilo hukuliweka kwenye hesabu.

---

Chuma_cha_Pua · #11

Sikuliweka kwa makusudi. Baada ya kilele cha 2008 bei Dubai zilianguka kwa zaidi ya nusu. Zikapanda, kisha kuanzia 2014 zikateremka polepole mpaka 2020. Tangu 2021 zimepanda sana. Anayenunua leo hajui yuko kwenye ngazi gani. Pato la pango ndilo unaloweza kulikokotoa kwa karatasi. Bei ikipanda ni heri, lakini mkopo wa nyumbani usiutegemeze hapo.

---

Fundi_Mabomba · #12

Kwenye kukabidhiwa nyumba mpya, wengi wanasaini kupokea wakiwa Nairobi bila mtu kuingia ndani. Kisheria mjenzi anawajibika miaka 10 kwa kasoro za muundo wa jengo, lakini mwaka 1 tu kwa umeme, mabomba na viyoyozi tangu kukabidhi. Mwaka huo unaisha haraka. Tuma mkaguzi, au mtu unayemwamini, na afanye haya:

Awashe kiyoyozi nyuzi 18 kwa saa mbili nzima. Dakika kumi hazionyeshi kitu. Beseni la chini ya kipoozeo likijaa na bomba la kutolea maji lina mwinuko mbaya, doa la unyevu litaanza kutokea kwenye jipsamu ya korido, karibu na mlango wa bafu. Hiyo ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote katika hali ya hewa ile, na mpangaji wa Julai hatavumilia hata siku moja.

Agonge vigae kwa sarafu, chumba kizima, hasa pembeni. Kinachotoa sauti ya mtungi mtupu hakina saruji ya kutosha chini, kitapasuka kitanda kikiburutwa.

Ajaze sinki na beseni la bafu, kisha aachie yote kwa pamoja. Maji yakirudi kwenye kidaka cha sakafu, kuna saruji au mfuko wa plastiki umeziba bomba.

Azime swichi moja moja kwenye boksi la umeme aone kama lebo zinasema kweli. Afungue na kufunga kila dirisha, na amwage maji nje ya mlango wa baraza aone yanakwenda upande gani.

Kila kasoro ipigwe picha, iandikwe, itumwe kwa mjenzi kwa barua pepe. Simu haina ushahidi.

---

Mama_Nasra · #13

Na mpangaji je? Kule nasikia wanalipa mwaka mzima kwa hundi. Asipolipa?

---

Bahari_Tulivu · #14

Ndiyo, dada. Mpangaji anatoa hundi za tarehe za mbele: moja, mbili, nne, siku hizi hata kumi na mbili. Hundi chache, pango linashuka kidogo lakini hatari nayo inashuka. Dhamana ni desturi tu: asilimia 5 ya pango kwa nyumba tupu, 10 kwa yenye samani. Dalali wa kupangisha kwa kawaida analipwa na mpangaji.

Hundi ziandikwe jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye hati miliki. Hili nalisema kwa uzito wote. Kampuni ya usimamizi itakwambia ni rahisi ziandikwe jina lao kisha wakutumie. Ukikubali, pango lako limekuwa mali yao mpaka watakapoamua, na kampuni ikifilisika wewe ni mdai kama wadai wengine. Fungua akaunti ya mtu asiye mkazi, ni akaunti ya akiba isiyo na kitabu cha hundi, na benki nyingi zinataka salio la chini, lakini kupokea hundi inatosha.

Mkataba usajiliwe Ejari. Ni ijara ileile tuijuayo pwani, kwa Kiarabu ni "pango langu". Bila Ejari mpangaji hapati umeme na maji kwa DEWA, na wewe hupokelewi Kituo cha Migogoro ya Upangaji.

Hundi ikirudi: tangu Januari 2022 hundi iliyokosa fedha kwa kawaida si jinai tena, bali ni hati ya kutekelezwa moja kwa moja. Kwa madai ya pango unafungua shauri kwenye kituo hicho, ada ni asilimia 3.5 ya pango la mwaka, si chini ya 500 na si zaidi ya 20,000. Kabla ya hapo mpe mpangaji notisi ya siku 30 kwa mthibitishaji.

---

Wakili_wa_Pwani · #15

Upande wa kupandisha pango, watu wanadhani ni kama huku, mkataba ukiisha unataja bei mpya. Haiko hivyo. Kwa Agizo Na. 43 la 2013 unatazama pango lako liko chini ya wastani wa soko kwa kiasi gani. Kama ni chini kwa asilimia 10 au pungufu, hupandishi kitu. Kati ya 11 na 20, unaruhusiwa asilimia 5. Kati ya 21 na 30, asilimia 10. Kati ya 31 na 40, asilimia 15. Zaidi ya 40, asilimia 20, na huo ndio mwisho. Wastani unatoka kwenye kikokotoo cha Idara ya Ardhi, ambacho tangu Januari 2025 kinatazama hali ya jengo lenyewe. Tena notisi ya mabadiliko itoke siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Ukichelewa, subiri mwaka mwingine.

Kumtoa mpangaji kwa sababu unataka kuuza au kuishi mwenyewe kunataka notisi ya miezi 12, kupitia mthibitishaji au barua iliyosajiliwa. Barua pepe haihesabiki.

---

Tausi_wa_Malindi · #16

Na ya muda mfupi, ya watalii kwa usiku? Ndiyo inayosifiwa zaidi.

---

Bahari_Tulivu · #17

Inahitaji kibali cha Idara ya Uchumi na Utalii, kila mgeni asajiliwe, na kuna ada ya utalii kwa usiku. Wasimamizi wanachukua asilimia 15 hadi 25, umeme na intaneti ni juu yako, samani pia. Juni hadi Agosti joto linawafukuza wageni. Kwa anayekaa mbali na mwenye fleti moja tu, mpangaji wa mwaka ana hesabu tulivu zaidi.

---

Kaskazi · #18

Kutuma fedha na kodi za serikali?

---

Hesabu_Safi · #19

Kutuma: benki kwa benki, kutoka akaunti yenye jina lako. Kenya ilifuta sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, lakini benki itadai nyaraka za chanzo cha fedha na mkataba wa mauziano. Tanzania ina kanuni za fedha za kigeni zinazogusa mkazi anayepeleka mtaji nje, kwa hiyo nenda kwa benki yako na Fomu F au mkataba wa mjenzi kabla hujasaini chochote chenye tarehe ya malipo. Hawala na pesa taslimu ziache: tangu 2022 dalali wa Dubai analazimika kuripoti malipo ya taslimu ya dirhamu 55,000 au zaidi. Na ukipeleka pesa bila nyayo, siku ya kuuza hutaweza kuirudisha benki ikiwa safi.

Kodi: Dubai haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato ya pango la nyumba ya kuishi, na pango hilo halina VAT. Wakala hukomea hapo. Mkazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kwa hiyo pato la Dubai linaingia kwenye ritani ya TRA, na kwa kuwa hukulipa kitu kule, hakuna cha kupunguziwa. Wenzetu mlioko Uingereza mnaliweka kwenye kurasa za mapato ya nje za ritani. Walioko Marekani wanaliweka kwenye Jedwali E, wanapunguza uchakavu wa jengo kwa miaka 30, na akaunti ile ya Dubai ikipita dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, pamoja na akaunti nyingine za nje, ina fomu yake ya FBAR, ya kutangaza akaunti za nje. Faini ya kusahau fomu hiyo inaweza kula pango la mwaka mzima.

---

Wakili_wa_Pwani · #20

Limebaki la mirathi, na halipendezi kulizungumza, lakini fleti nyingi zinakwama hapo. Kumiliki wawili, mume na mke, hakumpi aliyebaki sehemu ya aliyefariki moja kwa moja. Sehemu hiyo inakwenda kwenye mirathi na akaunti ya benki inafungwa mpaka amri ya mahakama. Kwa Mwislamu mgawo ni wa Sharia. Asiye Mwislamu anaweza kusajili wosia kwenye daftari la DIFC, kituo cha fedha cha kimataifa cha Dubai, lililofunguliwa 2015. Njia nyingine ni hiba kwa mwenzi, mzazi au mtoto: Idara ya Ardhi inatoza asilimia 0.125 badala ya 4, kima cha chini dirhamu 2,000. Ila hiba ni hiba, ukishahamisha nyumba si yako.

---

Kaskazi · #21

La mwisho wakuu. Ninayotazama ina mpangaji tayari, pango 65,000 kwa hundi nne, na mkataba bado una miezi kabla ya kuisha. Muuzaji anasema ni faida, naanza kupokea mara moja. Nikague nini?

---

MpimaRamani · #22

Omba cheti cha Ejari, si karatasi ya mkataba, ulione pango lililosajiliwa. Lipeleke kwenye kikokotoo. Kama pango liko chini ya soko, umenunua pamoja na pango hilo na ngazi za Wakili hapo juu zinakubana wewe, kwa hiyo bei ishuke.

Kisha hundi. Zilizobaki zina jina la muuzaji, hazikufai. Iandikwe kwenye Fomu F kwamba mpangaji atatoa mpya kwa jina lako na za zamani zirudishwe siku ya kuhamisha.

Kisha mgawanyo wa siku. Kila hundi ni 16,250 kwa robo mwaka. Tuseme muuzaji ameshachukua benki fedha ya hundi ya robo hii yenye siku 91, na mnahamisha siku ya 30. Siku 61 zilizobaki ni zako: 16,250 gawa kwa 91, zidisha 61, ni dirhamu 10,893. Ongeza dhamana ya mpangaji, asilimia 5, ni 3,250, maana akiondoka atakudai wewe. Jumla 14,143. Usiipunguze kwenye hundi yako, kwa sababu hundi ya ununuzi lazima ilingane na bei ya Fomu F. Muuzaji alete hundi yake ya benki ya 14,143 kwa jina lako, iwe juu ya meza ya mdhamini kabla hujaachia ya kwako.